Ini la Mjini na Sindano Zisizo na Daftari

Kata ya Ilala, ambayo mtu akitoka Kariakoo huifikia kwa miguu akifuata Barabara ya Uhuru, ina nafasi yake katika historia ya utafiti wa unene na kisukari barani Afrika, ingawa wengi wa wakazi wake hawana habari nayo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2000 uliwapima watu wazima wa kata hiyo sambamba na wenzao wa Shari, mkoani Kilimanjaro, jumla yao wakikaribia 1,700, na ukakuta kwamba kisukari kiliwapata wanaume 5.9 katika kila 100 wa Ilala dhidi ya 1.7 wa Shari, na wanawake 5.7 dhidi ya 1.1. Miaka 11 kabla ya hapo, timu ya Profesa Donald McLarty wa Muhimbili ilikuwa imepima vijiji kadhaa vya Tanzania na kukuta kwamba wenye ugonjwa huo walikuwa takriban mtu 1 tu katika kila 100. Baadaye watafiti walifanya jambo lililo nadra zaidi, yaani waliwafuata watu waliokuwa wakihama kutoka vijiji vya Morogoro kuja Dar es Salaam, wakawapima kabla hawajaondoka na kuwapima tena walipokwisha kukaa mjini mwaka mmoja. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010 yalionyesha kwamba wanaume kwa wanawake waliongezeka uzito kwa wastani wa zaidi ya kilo 2, na kwamba wanaume waliokuwa wakifanya kazi za kutoa jasho walipungua kutoka karibu 8 katika kila 10 hadi kama robo tu ya wanaume wote. Mwaka mmoja ulitosha.

Picha hiyo haijarudi nyuma tangu hapo. Utafiti mwingine, uliofanywa Kinondoni na kuchapishwa mwaka 2011, uliwapima watu 1,249 na kukuta unene uliopindukia kwa asilimia 19.2 yao, wanawake wakiwa asilimia 24.7 na wanaume asilimia 9. Na takwimu za kitaifa za afya ya uzazi za mwaka 2015 na 2016 zilionyesha kwamba wanawake 28 katika kila 100 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa na uzito uliozidi kiwango. Kwa hiyo, habari za sindano zinazopunguza robo ya uzito wa mtu na kuliondolea ini mafuta yake zilipoanza kuzagaa duniani, hazikuikuta Dar es Salaam ikiwa mtazamaji wa mbali. Mji huu ulikwisha kuwa na wateja, na, kama ilivyo desturi yake, ulikwisha kuwa na wachuuzi.

Kariakoo yenyewe inaeleza kwa nini. Muuza vitenge au vipuri vya simu wa Mtaa wa Congo, Aggrey au Narung'ombe hufungua duka asubuhi, huketi kwenye kiti cha plastiki katikati ya marobota, na hufunga giza likiingia, huku chakula chake kikimfuata hapohapo: chapati na supu asubuhi, wali na maharage ya nazi mchana kutoka kwa mama lishe, chipsi mayai jioni, na soda baridi kila joto linapozidi, ambalo huzidi mara nyingi. Wanaotembea na kubeba ni wengine, yaani vijana wa mikokoteni na wabeba mizigo wanaopandisha mabelo hadi ghorofa za juu, na hao ni nadra kuwaona na vitambi. Uchumi wa soko hili hugawa jasho kwa watu wachache na kuwaachia wengine viti. Juu ya hayo kuna heshima ya mwili ulionawiri, ambayo ni ya zamani, na ambayo ilipata nguvu mpya katika miaka ya 1980 na 1990, pale mtu aliyekonda ghafla aliponyooshewa kidole kwa dhana kwamba ana Ukimwi. Kizazi kilichokua katika hofu hiyo kilijifunza kwamba kunenepa ni ushahidi wa uzima, na somo la namna hiyo halifutiki kwa kampeni za redioni.

Ini ndilo linalolipa sehemu kubwa ya gharama, nalo hulipa kimya kimya. Katika mazungumzo ya kawaida ya Watanzania, ugonjwa wa ini maana yake ni homa ya ini, inayoletwa na virusi, hasa vya aina ya B, au ni matokeo ya pombe. Mtu asiyekunywa na aliyepimwa akaonekana hana virusi hudhani yuko salama. Ini lenye mafuta huvunja dhana hiyo. Hali hiyo hutajwa pale ambapo zaidi ya asilimia 5 ya seli za ini zimejaa mafuta, na inakadiriwa kwamba karibu mtu mzima 1 katika kila 3 duniani anayo, wengi wao bila dalili yoyote. Sukari ya soda na ya juisi za dukani huchangia kwa njia inayoeleweka vizuri: ni mchanganyiko wa glukosi na fruktosi, na wakati glukosi hutumiwa na mwili mzima, fruktosi kwa sehemu kubwa hupokewa na ini, ambalo likizidiwa huigeuza kuwa mafuta na kuyaweka ndani yake. Mafuta peke yake yanaweza kukaa miaka mingi bila madhara makubwa, lakini kwa baadhi ya watu huleta uvimbe wa ndani, uvimbe huo huacha makovu, makovu yakikithiri ini husinyaa na kuwa gumu, na hatua hiyo ndiyo iitwayo sirosisi, ambayo wakati mwingine hufuatwa na saratani. Altrasaundi ya kawaida huyaona mafuta yakiwa mengi, ila haipimi makovu. Kipimo cha uhakika zaidi bado ni kukata kipande kidogo cha ini kwa sindano na kukitazama kwa hadubini, jambo ambalo hakuna anayelikimbilia.

Mwaka 2023 vyama vya wataalamu wa ini duniani viliubadilisha jina ugonjwa huu ili uhusishwe na uzito, kisukari na shinikizo la damu badala ya kuelezwa kwa kutokuwepo kwa pombe. Ni badiliko la maana kwa daktari. Kwa mgonjwa wa hospitali ya Mnazi Mmoja au Amana, aliyeambiwa tu kwamba ini lake lina mafuta na aende akapunguze uzito, halijabadilisha kitu.

Kupunguza uzito kweli hutibu. Uchunguzi wa wagonjwa waliopunguza asilimia 5 ya uzito wao ulionyesha mafuta ya ini yakipungua, waliofika asilimia 7 hadi 10 uvimbe ulianza kutulia, na waliopita asilimia 10 hata makovu yalianza kurudi nyuma kwa karibu nusu yao. Tatizo ni kwamba wanaoweza kupunguza asilimia 10 kwa chakula na mazoezi peke yake, na kubaki hapo, ni wachache mno. Hapo ndipo sindano zilipopata mlango.

Asili yake ni homoni ya utumbo inayojulikana kwa kifupi kama GLP-1, inayotolewa na utumbo baada ya mtu kula, ambayo huliambia kongosho litoe insulini pale sukari inapopanda, huchelewesha chakula kutoka tumboni, na hufikisha ubongoni habari ya kushiba. Homoni hiyo ya asili haidumu. Kimeng'enya kilichomo mwilini huivunja ndani ya dakika mbili tatu. Mwaka 1992 daktari John Eng, aliyekuwa akifanya kazi katika hospitali ya maveterani huko Bronx, New York, alieleza kuhusu kemikali iliyomo kwenye sumu ya mjusi mkubwa wa majangwa ya Marekani, inayofanana na GLP-1 lakini inayokaa mwilini kwa muda mrefu zaidi, na kutokana nayo ikapatikana dawa ya kisukari iliyoidhinishwa mwaka 2005. Kampuni ya Novo Nordisk ya Denmark ilichukua njia nyingine: iliifunga homoni ya kutengenezwa kwenye mnyororo wa asidi ya mafuta, ambao hushikamana na protini ya damu iitwayo albumini, hivyo dawa hukaa mwilini kiasi kwamba nusu yake hutoka baada ya takriban wiki moja. Dawa hiyo, semaglutaidi, iliidhinishwa Marekani kwa kisukari mwaka 2017 kwa jina la Ozempic, na mwaka 2021 kwa unene kwa jina la Wegovy, baada ya jaribio la watu 1,961 ambamo waliochomwa dawa kwa wiki 68 walipungua wastani wa asilimia 14.9 ya uzito wao, wakati waliochomwa plasibo, yaani sindano isiyo na dawa ndani yake, walipungua asilimia 2.4. Katika jaribio hilo robo tatu ya washiriki walikuwa Wazungu, na watu weusi hawakufika 6 katika kila 100. Ni jambo la kukumbukwa na kila anayesoma takwimu hizo akiwa Ilala.

Tangu hapo kampuni zimekuwa zikishindana kuongeza homoni juu ya homoni. Eli Lilly ya Marekani ilitengeneza tirzepataidi, inayogusa vipokezi viwili badala ya kimoja, na iliyopunguza karibu asilimia 21 ya uzito kwa dozi ya juu. Kampuni za Boehringer Ingelheim na Zealand zina savodutaidi, inayounganisha GLP-1 na glukagoni, homoni ya kongosho ambayo kazi yake mojawapo ni kuliamuru ini lichome mafuta. Tofauti hii ina uzito kwa wagonjwa wa ini, kwa sababu ini lenyewe halina vipokezi vya maana vya GLP-1, hivyo semaglutaidi hulisaidia zaidi kwa kupitia kupungua kwa uzito, wakati dawa zenye glukagoni huligusa moja kwa moja. Katika jaribio la awamu ya pili la savodutaidi lenye washiriki 293, kundi lililofanya vizuri zaidi lilikuwa na asilimia 62 ya wagonjwa ambao uvimbe wa ini lao ulipoa bila makovu kuongezeka, dhidi ya asilimia 14 ya waliopewa plasibo. Ya kushangaza zaidi ni retatrutaidi ya Eli Lilly, yenye kugusa vipokezi vitatu kwa pamoja: katika jaribio la watu 338 lililochapishwa mwaka 2023, waliopata dozi ya juu walipungua wastani wa asilimia 24.2 ndani ya wiki 48, na katika kundi dogo la watu 98 waliopimwa ini, mafuta ya waliopata dozi za juu yalipungua kwa zaidi ya asilimia 80 ndani ya wiki 24.

Kati ya sindano hizi, semaglutaidi ndiyo iliyovuka kwanza katika upande wa ini. Katika matokeo ya wagonjwa 800 wa mwanzo waliofuatiliwa kwa wiki 72, uvimbe wa ini uliisha kwa asilimia 62.9 ya waliochomwa dawa, na makovu yalipungua kwa asilimia 36.8 yao, na mwezi Agosti 2025 mamlaka ya dawa ya Marekani iliiruhusu kwa wagonjwa wenye makovu ya kati hadi makubwa ambayo hayajafikia sirosisi. Msomaji makini hatakosa kuona upande wa pili wa jedwali hilo: hata katika kundi lisilopata dawa, uvimbe uliisha kwa asilimia 34.3. Theluthi nzima ya watu walipona uvimbe huo bila dawa, wakiwa wanapimwa, wanafuatiliwa na kukumbushwa. Kuwa ndani ya jaribio ni tiba ya namna yake, na ndiyo sehemu ya tiba ambayo haiuzwi kwenye kichupa.

Tofauti kati ya makundi matatu ya sindano, yaani zilizoidhinishwa, zilizo katika majaribio, na za kughushi, huonekana wazi kwenye karatasi na hupotea kabisa mkononi, kwa sababu zote zina sindano nyembamba ileile inayochomwa chini ya ngozi ya tumbo. Retatrutaidi ilifika mwisho wa mwaka 2025 bila kuidhinishwa na mamlaka yoyote kubwa ya dawa, lakini kwa miaka kadhaa imekuwa ikiuzwa kwenye masoko ya mtandaoni kwa kisingizio kwamba ni kemikali ya utafiti isiyokusudiwa binadamu. Inayouzwa hivyo si kalamu ya kiwandani yenye dozi iliyopimwa. Ni kichupa cha kioo chenye kifuniko cha rangi, na ndani yake unga mweupe ulioganda chini kama chokaa, mara nyingi bila jina la kiwanda, ambao mnunuzi hutakiwa kuuchanganya mwenyewe na maji ya sindano na kuvuta kwa bomba la insulini. Mistari ya bomba hilo imechorwa kwa ajili ya insulini. Kichupa cha miligramu 10 kikitiwa mililita 1 ya maji, mistari 10 ni miligramu 1, na kikitiwa mililita 2, mistari hiyohiyo ni nusu miligramu, hivyo mtu aliyepewa maelekezo kwa idadi ya mistari tu na mwenzake wa kwenye simu anaweza kujichoma mara mbili ya dozi aliyodhani. Kwa mji wenye mawakala wa mizigo wa Guangzhou na Dubai katika kila ngazi ya kila jengo, umbali kati ya soko hilo na Kariakoo ni ujumbe wa WhatsApp na siku chache za kusubiri mzigo.

Jaribio halali lina umbo tofauti, na Dar es Salaam imewahi kuliona kwa karibu. Mwezi Februari 2007 Chuo Kikuu cha Muhimbili kilianza kuchanja askari polisi 60 waliojitolea kujaribu chanjo ya VVU, baada ya itifaki kupitiwa na kamati za maadili, na kila mmoja wao alikuwa na namba, jalada, ratiba ya vipimo na mtu wa kumpigia simu akijisikia vibaya. Nchini Tanzania, utafiti wa dawa kwa binadamu huhitaji kibali cha maadili kutoka Taasisi ya Taifa ya Utafiti wa Magonjwa ya Binadamu (NIMR) na kibali cha Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA), na mshiriki hutia saini baada ya kuelezwa kwa lugha anayoielewa. Dar es Salaam imewahi kuona na upande mwingine. Virodene, dawa ya Ukimwi iliyobuniwa Afrika Kusini na kukataliwa na baraza la dawa la nchi hiyo, ililetwa Tanzania. NIMR ilikataa kuipa kibali, na mwaka 2001 serikali iliwafukuza nchini waliokuwa wakiiendeleza. Kiini cha dawa hiyo kilikuwa dimethilifomamaidi, kiyeyushi cha viwandani kinachojulikana kwa kuliharibu ini. Waliokuwa wakiitetea walisema wagonjwa hawana muda wa kusubiri taratibu, na hoja hiyo, ambayo wakati ule ilikuwa na uchungu wa kweli nyuma yake, leo hurudiwa na wauza vichupa kwa watu ambao tatizo lao ni suruali isiyofunga.

Sindano hizi pia haziingii kwenye soko tupu. Pembezoni mwa soko kuu la Kariakoo, lile jengo la mbunifu Beda Amuli lililoungua Julai 2021, biashara ya umbo la mwili ina mizizi mirefu: kuna mlonge uliosagwa, tangawizi na mchaichai uliofungwa kwenye vifuko, chai za kukata tumbo zenye maandishi ya Kichina, mikanda ya kubana kiuno, na, mara nyingi kwa muuzaji huyohuyo, vidonge na losheni za kuongeza makalio. Muuzaji wa aina hii huuza matumaini ya pande zote mbili za mizani, na wala haoni mgongano. Chai nyingi kati ya hizo ni dawa za kuharisha zilizovaa nguo nzuri. Humpunguzia mtu maji, mizani ikashuka kilo moja kwa siku mbili, kisha maji yakarudi. Mteja aliyezoea bidhaa zisizofanya kazi huwa na hatari ya pekee anapokutana na inayofanya kazi kweli, kwa sababu amejifunza kuongeza dozi pale asipoona matokeo haraka.

Semaglutaidi kwa unene huanzishwa kwa miligramu 0.25 kwa wiki na kupandishwa kila baada ya wiki nne, hivyo hufika dozi kamili baada ya wiki 16, na sababu yake ni tumbo: kichefuchefu, kutapika, kuharisha au kufunga choo huwapata wengi, na anayeruka ngazi huishia kwenye dripu. Mawe ya nyongo na uvimbe wa kongosho hutokea mara chache zaidi. Kwa mgonjwa wa kisukari anayetumia glibenklamidi, kidonge cha bei nafuu kilichozoeleka katika zahanati za Tanzania, au insulini, kuongeza sindano hii bila kupunguza dawa nyingine kunaweza kuishusha sukari hadi kuzimia. Sehemu ya kilo zinazopotea ni misuli, jambo ambalo mzee wa miaka 65 hawezi kulipuuza. Mwanamke anayetarajia kushika mimba hushauriwa kuacha miezi miwili kabla. Na katika nchi ambayo kifua kikuu bado kipo, kukonda ni dalili ambayo daktari huihitaji. Anayekonda kwa siri kwa sindano humnyima daktari wake dalili hiyo, au humpeleka kutafuta ugonjwa usiokuwepo.

Lipo kundi moja la Watanzania ambalo faida kwao inaweza kuwa kubwa, na ambalo halitajwi katika matangazo ya urembo. Tangu mwaka 2019 watu wanaoishi na VVU nchini wamekuwa wakihamishiwa kwenye mseto wenye dolutegravir, dawa nzuri inayofubaza virusi kwa kasi lakini ambayo imehusishwa na kuongezeka uzito, hasa kwa wanawake weusi. Jaribio dogo lililofanywa Marekani na Brazil kwa watu wenye VVU na ini lenye mafuta lilionyesha kwamba semaglutaidi ya dozi ndogo, kwa wiki 24, ilipunguza mafuta ya ini kwa karibu theluthi moja. Kliniki za tiba na matunzo wanazohudhuria zina mizani, zina majalada ya miaka mingi na zina wagonjwa wanaorudi kwa tarehe. Kama kuna mahali Dar es Salaam ambapo utafiti wa ini unaweza kuanza bila kujenga kitu kipya, ni huko.

Joto nalo ni sehemu ya habari hii. Kalamu ya semaglutaidi ambayo haijafunguliwa hutakiwa kukaa kwenye nyuzi 2 hadi 8, na ikishaanza kutumika inaweza kukaa nje ya friji kwa wiki kadhaa mradi joto lisipite nyuzi 30. Kati ya Desemba na Machi joto la mchana la Dar es Salaam hupita hapo kivulini, sembuse ndani ya boksi la bodaboda au kwenye duka la bati umeme ukikatika. Dawa iliyoharibika kwa joto haitoi harufu wala haigeuki rangi kila mara. Ya kughushi ni mbaya zaidi: Juni 2024 Shirika la Afya Duniani lilitoa tahadhari kuhusu Ozempic bandia zilizokutwa Brazil, Uingereza na Marekani, na mwaka mmoja kabla, huko Austria, watu walilazwa baada ya sukari yao kuanguka kwa kutumia kalamu zilizoshukiwa kuwa na insulini badala ya semaglutaidi. Ikiwa Austria, yenye maduka ya dawa yanayokaguliwa kila kona, ilipenyezewa, haifai kudhani kwamba vichochoro vya Msimbazi vina kinga.

Bei ndiyo imeiweka sindano halali mbali na wengi. Kwa miaka kadhaa bei rasmi Marekani ilikuwa takriban dola 1,000 kwa mwezi, zaidi ya shilingi milioni 2, wakati kima cha chini cha mshahara wa serikali Tanzania, baada ya nyongeza ya Julai 2025, ni shilingi 500,000. Hata hivyo, watafiti waliopiga hesabu mwaka 2024 walikadiria kwamba Ozempic ya mwezi mmoja ingeweza kutengenezwa kwa chini ya dola 5, faida ya kawaida ikiwemo. Hataza ya semaglutaidi ilipangwa kumalizika mwaka 2026 katika nchi kadhaa, zikiwemo India, China na Brazil, na kwa kuwa India ni chanzo kikuu cha dawa zinazouzwa Tanzania, toleo la bei nafuu ni suala la muda. Septemba 2025 Shirika la Afya Duniani liliziingiza dawa za kundi hili kwenye orodha ya dawa muhimu, kwa wagonjwa wa kisukari wenye unene pamoja na maradhi ya moyo au figo, na Desemba likatoa mwongozo wa kuzitumia kwa unene, likisisitiza ziambatane na ushauri wa lishe na mazoezi. Ofisi ya Afrika ya shirika hilo inaongozwa na Profesa Mohamed Janabi, daktari wa moyo aliyeongoza Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na kisha Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, na ambaye Watanzania wengi walimfahamu kwa kuwaambia hadharani kwamba wanakula mara nyingi mno. Wengine walimcheka, wengine waliacha sukari kwenye chai. Tawi la Muhimbili la Mloganzila, kwa upande wake, limekuwa likiwawekea watu puto tumboni kwa mpira wa endoskopi ili washibe mapema, puto ambalo hutolewa baada ya miezi kadhaa.

Puto na sindano zina udhaifu mmoja. Katika ufuatiliaji wa washiriki walioacha semaglutaidi, theluthi mbili ya uzito waliopoteza ulirudi ndani ya mwaka mmoja, na mafuta ya ini huelekea kufuata uzito. Kwa maana hiyo, anayeanza huanza matibabu ya miaka, kama ya shinikizo la damu, na mfumo utakaompokea ni lazima uwe na kumbukumbu za miaka. Tanzania haiko nyuma katika hili: Desemba 2018 mamlaka yake ya dawa ilikuwa ya kwanza barani Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kuwa imefikia ngazi ya tatu ya ukomavu, na ina fomu ya njano ambayo kila mtoa huduma anatakiwa kuijaza mgonjwa akipata madhara ya dawa. Fomu hiyo huuliza, pamoja na mambo mengine, jina la dawa na namba ya toleo. Aliyenunua kichupa kisicho na jina kwa kuelekezwa na rafiki, akakihifadhi kwenye friji pamoja na soda, hana jina wala namba ya kujaza, na akifika mapokezi akiwa na maumivu ya tumbo, kuna uwezekano mkubwa kwamba ataandikiwa vidonda vya tumbo.